Uchambuzi wa kisa: mishokishoki ya Unguja, miti iliyotoka madume na mzigo uliofika Dar mweusi

Usuli

Kisa hiki ni cha shangazi na mpwa wake huko Unguja, upande wa magharibi ya kisiwa kwenye udongo mwekundu wa kinongo, siyo kule maweni kwenye ardhi ya mawe. Majina, shehia na miaka nimeviondoa na vitu vidogo viwili vitatu nimevibadilisha ili wasijulikane, lakini mambo yenyewe ndo yalivokwenda. Shangazi ni mjane, ana zaidi ya miaka 60, amezaliwa palepale shambani na hajawahi kuhama. Mpwa anafanya biashara Dar, anavuka kuja kwa mwezi mara moja, yeye ndo mwenye mtaji na yeye ndo mwenye haraka.

Shamba ni sehemu ya eka tatu, yaani zile alizopewa babu yao baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilipogawa ardhi kwa vipande vya eka tatu tatu. Lilikuwa shamba la kawaida la Unguja, minazi juu, mikarafuu mizee ambayo mingine ilishaanza kukauka vichwa, migomba, mhogo, na mishokishoki mikubwa minne ya tangu enzi za bibi. Kati ya hiyo minne kuna mmoja karibu na kisima unaojulikana mtaa mzima, matunda yake makubwa, rangi imekoza, na ukimenya nyama inabanduka kwenye kokwa bila kung'ang'ania. Hiyo sifa ya kubanduka muiweke akilini maana itarudi huko mbele kwenye pesa.

Kwa wenzetu wa bara ambao hawajawahi kulishika, shokishoki ni tunda la ukubwa wa yai dogo hivi, lina ganda jekundu lenye manyoya laini, ndani nyama nyeupe yenye maji, tamu na uchachu kidogo. Asili yake ni Malaysia, Indonesia na maeneo ya huko, lilifika kwetu kwa njia ya Bahari ya Hindi, na Unguja na Pemba watu wamelizoea kiasi kwamba hakuna anayelihesabu kuwa zao. Linaliwa, linagaiwa majirani, basi. Wakati Thailand ni biashara kubwa yenye mbegu zenye majina, mfano ile Rongrien, na viwanda vya kopo, hapa kwetu mti unaota nyuma ya nyumba na watoto ndo wavunaji.

Kabla ya haya yote shangazi alikuwa anakodisha miti yake. Mchuuzi anakuja miti ikiwa na maua au vitumba, anatazama juu, wanakubaliana bei, anatoa pesa, na kuanzia hapo matunda ni yake na hasara ni yake, popo wakila ni yake, upepo ukiangusha ni yake. Pesa ilikuwa ndogo ila ilikuwa inakuja kabla ya mavuno na bila maneno. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wakisikia kukodisha mti wanasema wazee wanaibiwa, na si kweli moja kwa moja, mzee anauza hatari pamoja na matunda.

Kilichotokea: kupanda

Mpwa alianza kuwaka moto siku alipoona fungu la mashokishoki Dar linauzwa mara 3 ya bei ya shambani kwao, tena matunda yenyewe yameshaanza kusinyaa. Akapiga hesabu ambayo kila mtu angepiga: mti mmoja unatoa kiasi hiki, nikiwa na miti 60 nitapata kiasi kile. Msimu uleule akakusanya kokwa za ule mti wa kisimani, akazisia kwenye vikopo, na hapo alifanya vizuri kuwahi maana kokwa ya shokishoki haihifadhiki, ikishatolewa kwenye tunda ndani ya wiki moja hivi inakuwa imekufa.

Alikuwa na njia nyingine. Angeweza kutafuta miche ya kubebesha, yaani mche wa kokwa uliounganishwa na kikonyo au jicho (chipukizi changa) la mti mwingine unaojulikana, Kizimbani wapo watafiti wa kilimo na mafundi wa kazi hiyo hawako mbali, au angemlipa fundi abebeshe vikonyo vya ule mti wa kisimani kwenye miche yake mwenyewe. Alikataa kwa sababu mbili, na zote ukizisikia zina akili: kokwa ni bure, na mama yake mti ni mtamu kwa hiyo watoto watakuwa watamu.

Shangazi alimwambia, na haya maneno mpwa mwenyewe ndo aliyenisimulia baadae: "Mwanangu, mishokishoki mengine madume, inatoa maua mpaka inanukia shamba zima na haizai hata moja." Mpwa akamjibu, "Shangazi, hata ikitoka madume kumi, hamsini inanitosha." Yaani alisikia, ila alidhani ni miti michache, ile ya bahati mbaya.

Miche ikapandwa mwanzo wa masika, mita 8 kwa 8 hivi katikati ya minazi, na kila mche ukapandiwa migomba kwa pembeni. Hili la migomba lilikuwa wazo la shangazi na ndo lililookoa shamba. Mshokishoki mdogo hautaki jua kali la moja kwa moja wala upepo, majani yanaungua kingo, na kule kwao asili unazoea mvua ya milimita 2000 kwa mwaka na zaidi ambayo sisi hatuifikii. Kiangazi cha mwanzo ilikufa miche 8, yote ile ya ukingoni ambako migomba haikushika. Iliyobaki ikawa inamwagiliwa kwa ndoo, na ndizi zikalipa vibarua kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo.

Kisha wakasubiri. Mti wa mbegu unachukua miaka 5 mpaka 7 kuonesha maua, na kabla ya maua hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia huu dume huu jike kwa kutazama jani.

Kilichotokea: maua

Mwaka wa sita miti mingi ikatoa maua kwa mara ya kwanza. Nyuki walijaa, shamba likanukia kama alivyosema shangazi, na baada ya wiki chache ikaonekana wazi kwamba zaidi ya miti 20 haikushika hata tunda moja. Kati ya miti 52 iliyokuwa hai karibu nusu ilikuwa madume.

Hapa nieleze kidogo maana ndo kiini. Mshokishoki unaotokana na kokwa una uwezekano kama wa nusu kwa nusu kuwa dume, watafiti wa Asia huwa wanataja kati ya asilimia 40 na 60. Haitegemei mama alikuwa mtamu au mchachu. Miti mingine, ile tunayoiita majike, maua yake kwa kweli yana sehemu zote mbili lakini upande wa dume mara nyingi haufanyi kazi, kwa hiyo bado inahitaji poda (chavua) kutoka mti mwingine. Ndo maana kukata madume yote nako ni kosa. Ukitaka kutambua chukua kishada cha maua asubuhi, utazame kwa karibu: ua la dume lina nyuzi nyingi zenye poda na katikati hakuna kitu, ua la jike lina kifuko katikati na juu yake kuna ncha iliyogawanyika mbili ikajipinda nje.

Mpwa alitaka kuleta msumeno wiki hiyohiyo. Shangazi akamzuia, akasema miti ya miaka sita haikatwi kwa hasira, ina mizizi. Ndipo walipokuja kutuuliza sisi tunaoshauri wakulima, na ushauri waliopewa ulikuwa huu: bakizeni madume machache yaliyosambaa shambani, kama mmoja kwa kila majike kumi hivi, yaliyobaki yakateni usawa wa kiuno mvua zikianza, muache yachipue, chipukizi zikifika unene wa penseli bakizeni tatu nne zenye nguvu na mbebeshe jicho kutoka mti wa kisimani. Mizizi ni ileile ya miaka sita kwa hiyo mti hauanzi upya.

Wakafanya, siyo yote mara moja. Mwaka wa kwanza waligusa madume 10, kazi ya fundi ikashika kwenye mengi lakini matatu yakafa kwa sababu yalikatwa yote kwa mkupuo bila kubakizwa tawi hata moja la kulisha shina. Kundi la pili wakabakiza tawi moja la upande mpaka jicho liliposhika, na hapo hawakupoteza mti. Hii wengi hawaambiwi na mafundi, na gharama yake ni mti mzima.

Kilichotokea: mzigo wa Dar

Msimu wa kwanza mkubwa ulikuja wakati kazi ya kubebesha bado inaendelea. Majike yalizaa vizuri, yale manne ya bibi nayo yakazaa, na mpwa kwa mara ya kwanza akamkatalia yule mchuuzi wa kukodi. Alisema mzigo wote unakwenda Dar.

Walichuma kwa siku mbili mfululizo. Vibarua walilipwa kwa siku, kwa hiyo kila aliyepanda mti alitaka kuumaliza, akatingisha matawi, akavuta na upembo, nyekundu na njano na kijani zote zikaanguka pamoja. Matunda yakatenganishwa na vikonyo vyake, yakajazwa kwenye viroba mpaka juu, yakashindiliwa, yakalala uani usiku mmoja yakisubiri gari. Yakafika bandarini Malindi mchana, yakakaa juani, yakapanda meli ya mizigo siku ya pili yake, na yalipofunguliwa kwa dalali Dar yaliyo katikati ya kiroba yalikuwa yanatoa mvuke. Manyoya yalikuwa meusi. Ndani ukimenya nyama ilikuwa bado nyeupe na tamu, mpwa alimenyea watu pale sokoni wakaonja wakakubali kwamba ni tamu, na bado hawakununua kwa sababu shokishoki linanunuliwa kwa macho. Dalali akauza kwa bei ya kutupa, ukitoa viroba, gari, meli na vibarua walirudi na hasara.

Sababu zake ziko wazi ukilijua tunda. Shokishoki likishachumwa haliivi tena. Embe litaiva kabatini, ndizi itaiva, stafeli litaiva, shokishoki lililochumwa la kijani litabaki la kijani na chachu mpaka lioze, kwa hiyo zile za njano na kijani zilikuwa hasara tangu mtini. La pili ni yale manyoya, maji ya tunda yanapotelea hapo, kila unywele ni njia ya kutokea maji, ndo maana kwa joto letu ganda linaanza kuwa jeusi ndani ya siku mbili tatu hata kama ndani pazima. Ukiliweka kwenye baridi ya nyuzi 10 mpaka 12 na unyevu wa kutosha linaweza kufika wiki mbili hivi, lakini friji ya kawaida ya nyumbani ni baridi kupita kiasi, chini ya nyuzi 10 ganda linaungua na kuwa jeusi vilevile. Na la tatu, tunda lililong'olewa kwenye kikonyo linaachwa na kidonda, lile la kwenye kishada halina.

Maamuzi baada ya hasara

Shangazi na mpwa walikaa wakazungumza, na nilichokipenda ni kwamba hakuna aliyemlaumu mwenzake mbele ya watu. Mezani kulikuwa na njia kadhaa.

Kurudi kwenye kukodisha. Shangazi ndo alipoelemea, na alikuwa na hoja, yeye anataka pesa ya uhakika kabla ya Ramadhani.

Kupeleka Maskati. Wana ndugu Oman kama familia nyingi za Unguja, na kila anayekwenda anabebeshwa boksi, ndugu wanalia kwa furaha, wanasema lete zaidi, huku soko limejaa watu wa Zanzibar. Mpwa aliliona hili kama dhahabu. Likaachwa, na nadhani liliachwa kwa haki: zawadi kwenye begi si biashara, ukipeleka kibiashara unahitaji cheti cha afya ya mimea, vifungashio vya kueleweka, ndege, na ukifika unakuta matunda ya Thailand yaliyopangwa size moja yote. Kwa miti 30 yenye ladha tofauti tofauti huwezi kushindana huko.

Kutengeneza jamu. Walijaribu kwa kiasi kidogo, jamu ilikuwa nzuri ila kazi ya kutoa nyama kwenye kokwa ilikula siku nzima, maana miti mingi ya mbegu nyama yake inang'ang'ania na inatoka na ngozi ngumu ya kokwa. Waliacha.

Mwishowe wakaamua kugawa. Miti minne ya bibi, ukitoa ule wa kisimani, ikarudi kwa mchuuzi wa kukodi, hiyo ndo pesa ya shangazi ya mapema. Miti mingine wakasema itavunwa kidogo kidogo na itauzwa karibu kwanza, Dar baadae na kwa oda tu. Sababu aliyoitoa mpwa ilikuwa fupi, kwamba asichume tunda ambalo hajui nani atalila kesho.

Utekelezaji na matokeo

Kuchuma kukabadilika kabisa. Mti mmoja unapitiwa kila baada ya siku mbili tatu, vinakatwa vishada vilivyokoza tu, kwa mkasi wa kukatia na kwa ngazi, kishada kinakatwa na kipande cha tawi lake. Asubuhi mapema, jua halijapanda. Vibarua wakaanza kulipwa kwa kreti nzuri, siyo kwa siku, na kreti yenye matunda ya njano hailipwi. Juu ya kreti wakawa wanaweka majani mabichi ya mgomba yaliyoloweshwa. Kukata na kipande cha tawi kumbe kuna faida ya pili, mshokishoki unatoa maua kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo unavuna na kupogoa kwa wakati mmoja.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa kina mama wanaouza kwenye vituo vya daladala, wanakuja wenyewe asubuhi, wanalipa taslimu, wanafunga vishada vidogo vidogo kwa kamba ya mgomba. Bei ya chini lakini hakuna usafiri. Zinazobaki zinakwenda mnadani kwenye soko la Mwanakwerekwe siku hiyohiyo.

Wa pili hakuna aliyewatarajia. Eneo lile linapita ziara za mashamba ya viungo, watalii wanaoneshwa mdalasini, iliki, vanila, na mwishoni wanakalishwa kuonja matunda. Msimu wa mwaka ule ulianza Januari, kaskazi inavuma na wageni wamejaa. Kijana mmoja anayetembeza wageni akaomba vishada vichache, siku ya pili akaja na mwenzake, na mpaka msimu unaisha watembezaji walikuwa wanalipa bei ya juu kuliko Dar, kwa vishada vya ule mti wa kisimani tu na majike machache yanayofanana nao. Ile sifa ya kubanduka ndo hii. Mgeni ambaye hajawahi kuliona tunda akiuma akakuta ngozi ya kokwa imemjaa mdomoni hataki la pili, akikuta nyama safi anamaliza kishada.

Hoteli ziliingia mbili. Ubora waliutaka mkubwa na waliupata, tatizo lilikuwa malipo. Moja ililipa baada ya mwezi na nusu, ikataka na risiti za kielektroniki ambazo familia haikuwa nazo, na wakati huohuo vibarua wanadai kila jioni. Shangazi alikopa kwa jirani ili kulipa watu huku anadai pesa nyingi kuliko alizokopa. Hoteli hiyo waliiacha, ile nyingine ikakubali kulipa kila wiki kwa simu.

Dar ikabaki kidogo na ikawa nzuri. Mpwa anatangaza wasap siku mbili kabla, mteja analipa nusu, kreti zinachumwa alfajiri na zinapanda boti ya asubuhi, jioni watu wameshazila. Hakuna dalali na hakuna kulala. Mzigo ni mdogo sana ukilinganisha na ndoto ya mwanzo lakini kila kreti inafika nyekundu.

Kwa hesabu za daftari lao msimu huo wa pili ulirudisha hasara ya ule mzigo wa viroba na ukabakiza kitu. Msimu uliofuata mavuno yalishuka karibu nusu, miti ilikuwa imechoka na mvua ilinyesha wakati wa maua, hoteli ikalalamika kwamba waliahidiwa matunda na hayapo.

Na hapo pesa ilipoanza kuonekana ndipo ndugu walipotokea. Eka tatu za babu zina warithi wengi, hakuna aliyekuwa anauliza wakati shamba linatoa mhogo. Binamu mmoja akasema ardhi ni ya wote, mpwa akasema miti nimeipanda mimi. Kwa desturi ya visiwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, kwa hiyo wote wawili walikuwa na pa kusimamia. Ilikwenda kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia, wazee wakakaa, ikaandikwa karatasi: miti iliyopandwa ni ya aliyeipanda na shangazi kwa nusu nusu, mishokishoki ya bibi, minazi na mikarafuu ni ya warithi wote, na kila msimu kuna fungu linalotolewa kwa ardhi. Walisaini wote. Kuna ambao hawakufurahi, ila ugomvi ulikwisha kabla ya kufika mahakamani.

Uchambuzi

Nimesikia watu wakilisimulia shamba hili kama kisa cha kukosa soko. Mimi sikubaliani. Wateja walikuwepo tangu mwanzo, Dar walikuwepo, Unguja walikuwepo, hata Maskati. Kilichokosekana ni kuhesabu siku. Mkulima wa karafuu anaanika, anaweka gunia, anasubiri, na fikra za mashamba yetu ya Unguja zimejengwa na karafuu kwa vizazi, kwamba ukishavuna kazi ngumu imekwisha. Shokishoki ukishavuna ndo saa inaanza kuhesabu. Kila uamuzi uliofanikiwa katika kisa hiki ni ule uliofupisha muda kati ya mkasi na mdomo, na kila ulioshindwa uliurefusha, ukipitia mmoja mmoja utaona hivyohivyo, viroba, kulala uani, dalali, ndoto ya ndege.

Kosa la kokwa lina uzito wa aina yake kwa sababu halionekani kwa miaka sita. Akiba ya kutokununua miche ya kubebesha ililipwa mara kadhaa: kumwagilia madume kwa ndoo miaka yote hiyo, kumlipa fundi baadae, miti mitatu iliyokufa, na misimu iliyopotea, wakati mti wa kubebesha ungeanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne na ungefanana na mama yake. Hata majike yaliyopatikana yalitoka na ladha mchanganyiko, na bei nzuri ya watembezaji iliwagusa wachache tu kati yao. Ningekuwa nashauri mtu anayeanza leo ningemwambia apande michache ya kubebesha, hata 15, kuliko 60 ya kokwa. Kama hana pesa kabisa asie kokwa kwa ajili ya mashina tu, abebeshe mwenyewe miche ikifika mwaka mmoja, kazi hiyo inafundishika.

Kuhusu shangazi, elimu yake ilikuwa sahihi kwenye kila jambo alilolisema, madume, migomba, kutokata kwa hasira, na pesa ya mapema. Haikufuatwa mwanzoni kwa sababu aliisema kama hadithi na mpwa alikuwa na namba. Sisi tunaoshauri wakulima tuna kazi ya kuigeuza hadithi ya namna hiyo iwe namba kabla pesa haijatoka. "Mengine madume" ingeambiwa "tarajia nusu" nadhani mpwa angefikiri upya.

Kurudisha miti ya bibi kwa mchuuzi wa kukodi wengine waliona ni kurudi nyuma. Kwa macho yangu ulikuwa uamuzi bora wa pesa katika kisa chote. Iliwapa sehemu ya mtaji wa kulipa vibarua wakati pesa ya hoteli iko njiani, na iliweka sehemu ya hatari kwa mtu aliyezoea kuibeba.

Watembezaji wa wageni walikuja kwa bahati na hilo lisifichwe. Shamba la upande mwingine wa kisiwa lisilopitwa na ziara halitawapata. Wageni wakipungua bei ile inaondoka nao, kwa hiyo kina mama wa vituoni wanaolipa bei ya chini ndo uti wa mgongo wa shamba hili, na ilikuwa hatari pale msimu wa tatu mavuno yalipopungua wakaanza kunyimwa ili watembezaji wapate zote. Baadhi yao walihamia kwa jirani na hawajarudi.

Mavuno kushuka baada ya mwaka mkubwa ni tabia ya mti huu, halikuwa jambo la kushangaza. Walichoweza kufanya ni kutia samadi na mboji mara tu baada ya kuvuna, jambo ambalo mwaka ule mkubwa halikufanyika kwa sababu pesa nyingi iliingia kwenye kulipa madeni, na kutoiahidi hoteli kiasi kisichobadilika. Sasa wanaahidi kwa wiki, matunda yakishaonekana mtini.

La karatasi ya sheha lilipaswa kuwa la kwanza, kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Kwenye ardhi ya urithi mti wa kudumu ni tamko la umiliki hata kama aliyeupanda hakukusudia hivyo, na ndugu huwa hawaulizi mpaka mti uzae.

Hivi sasa madume yaliyobebeshwa yameanza kuzaa, yote kwa ladha ya mti wa kisimani, na mpwa ameacha kuongeza miti. Anachoongeza ni fundi: vijana wawili wa mtaani wanajifunza kubebesha kwenye vikopo chini ya migomba, na majirani wameshaanza kuja kuulizia miche.